Ticha Aliyefutwa Kwao, Mwanafunzi Wake Akabeba Oscar

Wadau, leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna ticha mmoja nataka tumzungumzie. Jina lake silitaji kwanza, maana nikilitaja mapema kuna watakaosema "aah huyo namjua, nimeona maneno yake kwenye status za watu". Ni kweli, maneno yake yanazunguka sana mitandaoni. Ila wengi wanaoyaposti hawajui kwamba kabla hajawa staa wa vitabu duniani, kazi iliyomweka mjini ilikuwa chaki na ubao. Alikuwa anafundisha fasihi kwenye chuo cha filamu.

Hebu vuta picha. Darasa limejaa vijana wanaotaka kushika kamera na kuongoza waigizaji. Halafu anaingia jamaa, umri wake kawazidi miaka michache tu, ana riwaya kwapani. Anawaambia: someni.

Najua wapo hapa walioambiwa nyumbani "fasihi utakula wapi?" Hii stori ni yenu.

Chuo kilichopo juu ya mgahawa

Tuko Prague, nchi iliyokuwa inaitwa Chekoslovakia. Vita Kuu ya Pili ndiyo kwanza imeisha. Mwaka 1945 serikali inataifisha sekta nzima ya filamu, kuanzia studio mpaka majumba ya sinema. Mwaka unaofuata, 1946, kinaanzishwa chuo cha filamu, kinaitwa FAMU. Leo hii ukienda Prague utakikuta kando ya mto Vltava, ng'ambo ya barabara kuna jumba la maigizo la taifa, na chini yake kuna mgahawa maarufu unaoitwa Slavia, kijiwe cha wasanii na waandishi tangu enzi hizo.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Ilitaka watu wa kutengeneza filamu za kuisifu. Kwa hiyo ilitoa hela, ikatoa vifaa, na ukimaliza chuo kulikuwa na studio ya taifa ya kukupokea. Lakini ukishamfundisha mtu kufikiri, huwezi kumwambia afikiri nusu. Shida ilianzia hapo.

Ticha wetu naye alipitia chuo hichohicho. Alizaliwa mji wa Brno tarehe 1 Aprili 1929. Ndiyo, Siku ya Wajinga, na utani ukaja kuwa mada ya maisha yake. Baba yake alikuwa mpiga piano na msomi wa muziki. Kijana alianza kusoma fasihi Chuo Kikuu cha Charles, akahamia FAMU kusomea filamu, akamaliza 1952. Chuo kikambakiza hapohapo kufundisha fasihi ya dunia.

Haya, nimewasumbua vya kutosha. Ni Milan Kundera.

Kitabu kimoja, miaka zaidi ya 30

Kati ya wanafunzi waliopita mikononi mwake alikuwemo kijana anaitwa Miloš Forman. Huyu alizaliwa 1932, na alishapitia makubwa. Wazazi waliomlea waliuawa kwenye kambi za Wanazi akiwa bado mtoto, akakulia kwa ndugu na kwenye shule za bweni. Pale FAMU alikuwa anasomea kuandika skripti.

Kitabu kimojawapo alichokutana nacho kupitia somo la Kundera ni riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1782, ya Choderlos de Laclos. Yote imeandikwa kwa barua. Ni watu wawili wa tabaka la juu wanaochezea mapenzi ya wenzao kama bao. Kwa lugha ya siku hizi, ni skrinishoti za DM tupu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakuna msimuliaji wa kukuambia nani muongo, unajijazia mwenyewe.

Sasa fikiria faida yake kwa mtu wa filamu. Kila barua inaonyesha kitu kimoja na kuficha kingine. Mhusika anamwandikia huyu hivi, anamwandikia yule vile, wewe msomaji ndiye unayeona uongo katikati. Huo ndio uhariri wa filamu: weka picha mbili pamoja, maana izaliwe kwenye kichwa cha mtazamaji.

Forman hakukisahau hicho kitabu. Mwaka 1989, miaka zaidi ya 30 baadaye, akiwa Mmarekani mwenye jina kubwa, alikifanyia filamu akaiita Valmont. Bahati haikuwa upande wake, kwani mwaka mmoja nyuma muongozaji mwingine, Stephen Frears, alishatoa filamu ya kitabu hichohicho, kwa hiyo Valmont ikakuta watu wameshakula. Ila angalia urefu wa safari ya kitabu kimoja cha darasani.

Wimbi jipya

Miaka ya 1960 hali ya kisiasa ilianza kulegea taratibu. Stalin alishafariki 1953, na Moscow kwenyewe walishaanza kukiri baadhi ya makosa yake. Pale Prague vijana wa FAMU wakatumia upenyo. Forman akatoa filamu ya Loves of a Blonde, 1965. Věra Chytilová akatoa Daisies, 1966, wasichana wawili wanaoamua kuharibu kila kitu kwa sababu dunia yenyewe imeharibika. Jiří Menzel akatoa Closely Watched Trains, na Aprili 1968 ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Sisemi hawa wote walilelewa na Kundera. Walimu walikuwa wengi, na wanafunzi walikuwa na vichwa vyao. Ila angalia mbegu imeota vipi. Filamu ya Menzel ilitoka kwenye kitabu cha Bohumil Hrabal. Na mwaka 1966 waongozaji watano, wote zao la FAMU, walichukua hadithi fupi za huyohuyo Hrabal, kila mmoja akatengeneza yake, wakaziunganisha zikawa filamu moja. Fasihi ilikuwa mafuta ya injini.

Ndiyo maana leo kwenye vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya, idara za Kislavoni, yaani ukoo wa Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kiserbia na wenzao, zinafundisha vitabu na filamu pamoja.

Na Afrika tumo. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipokwenda Moscow kusomea filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliporudi akachukua hadithi fupi aliyoiandika mwenyewe, akaifanya filamu ya La Noire de..., iliyotoka 1966. Tunamwita baba wa sinema ya Afrika, na njia aliyopita ni hiyohiyo: kitabu kwanza, kamera baadaye.

Utani uliomponza

Mwaka 1967 Kundera alitoa riwaya yake ya kwanza, Žert, maana yake Utani. Mwanafunzi mmoja, mkomunisti, anamtumia demu wake kadi ya posta yenye maneno ya kejeli. Alitaka kumchokoza tu, kwa sababu demu alikuwa anaamini siasa kupita kiasi. Kadi inafika kwa wakubwa. Kijana anafukuzwa chama, anafukuzwa chuo, anapelekwa kufanya kazi migodini. Na wanaonyoosha mikono kupiga kura afukuzwe ni marafiki zake mwenyewe.

Nani kati yetu hajawahi kutuma ujumbe wa utani, kisha ukatoka kwenye grupu lake ukafika usikopaswa?

Kitabu kiligombaniwa. Muongozaji Jaromil Jireš, mwingine wa FAMU, akakifanya filamu, wakaandika skripti pamoja na Kundera. Ikatoka 1969, ikachelewa kidogo tu, na kuchelewa huko ndiko kukaiua.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia Chekoslovakia. Kosa la nchi hiyo? Ilikuwa inajaribu ujamaa wenye uhuru wa kuongea. Filamu ya Utani ikaonyeshwa kwa muda mfupi kisha ikafungiwa kwa miaka 20. Filamu ya Forman kuhusu wazima moto, ya 1967, nayo ikafungiwa.

Ticha akafukuzwa chama mwaka 1970, na hiyo ilikuwa mara ya pili kwake, ya kwanza ilikuwa 1950. Akapoteza nafasi yake FAMU. Vitabu vyake vikaondolewa maktaba. Hakuruhusiwa kuchapisha. Tafakari hiyo wadau: mtu yupo hai, anatembea barabarani, ila kwenye rafu hayupo. Katika kitabu chake kimoja cha baadaye anasimulia jinsi alivyoishi kwa kuandika utabiri wa nyota kwenye gazeti kwa jina la bandia. Msomi wa fasihi ya dunia, anakutabiria wewe Mshale kwamba wiki hii usikope hela.

Aliyeazima jina lake

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Kundera alikuwa ameandika tamthilia, Jakub na bwana wake, kwa kuchezea riwaya ya Mfaransa Diderot. Hakuna ukumbi ambao ungethubutu kuweka jina lake kwenye bango. Basi muongozaji Evald Schorm, mtoto wa FAMU wa lile wimbi jipya, akakubali iandikwe kwamba ni kazi yake. Mwaka 1975 tamthilia ikapanda jukwaani mji wa Ústí nad Labem kwa jina la Schorm.

Schorm mwenyewe alikuwa na matatizo yake na serikali. Siri ikivuja, anaumia. Hakupata sifa, maana kazi haikuwa yake, na wala hakutafuta kiki. Alimpa mwenzake kitu pekee ambacho serikali ilikuwa imemnyang'anya, yaani jina.

Siku hizi tunagombana nani apewe kredit kwenye biti. Huyu jamaa aliweka jina lake rehani ili kazi ya mwingine isikike.

Mwaka huohuo, 1975, Kundera na mkewe Věra walitoka kwenda Ufaransa, alikoalikwa kufundisha Chuo Kikuu cha Rennes. Baadaye wakahamia Paris, akaendelea kufundisha. Mwaka 1979 serikali ya kwao ikamvua uraia. Mwaka 1981 Ufaransa ikampa wa kwake. Na hakuacha chaki hata baada ya umaarufu kumpata.

Walimu wanaotembea na masanduku

Serikali ya Prague ilidhani imewafuta watu. Kumbe imewasambaza.

Forman alifika Marekani, akahangaika, filamu yake ya kwanza huko haikuuza. Kisha 1975 ikatoka One Flew Over the Cuckoo's Nest, nayo ilitoka kwenye riwaya. Ilibeba zile Oscar tano kubwa: filamu bora, muongozaji, muigizaji wa kiume, wa kike, na skripti. Halafu Amadeus ya 1984, Oscar nane. Na unajua sehemu kubwa ya Amadeus ilirekodiwa wapi? Prague! Chini ya utawala uleule uliokuwa umefungia kazi yake. Alirudi na kamera ya Hollywood na pasipoti ya Marekani.

Forman naye akawa mwalimu, Chuo Kikuu cha Columbia kule New York. Aliongoza idara ya filamu pamoja na František Daniel, aliyewahi kuwa mkuu wa FAMU na akakimbia baada ya 1968. Daniel ndiye aliyemfundisha David Lynch kule Los Angeles. Lynch amesimulia mara nyingi somo lake: chukua kadi 70, kila kadi andika tukio moja, ukizijaza zote una filamu ndefu. Basi. Wewe unayesema huna hela ya programu ya kuandikia skripti, anza na kadi 70.

Ticha alipochukia filamu

Mwaka 1984 Kundera alitoa kitabu kilichompa dunia, The Unbearable Lightness of Being. Mwaka 1988 Philip Kaufman akakifanya filamu, ndani yake Daniel Day-Lewis, Juliette Binoche na Lena Olin. Mmoja wa walioandika skripti ni Jean-Claude Carrière, ambaye ndiye pia aliyemwandikia Forman ile Valmont. Na picha halisi za vifaru vya 1968 zilizotumika ndani zilipigwa na Jan Němec, naye wa FAMU. Dunia ndogo.

Watazamaji wengi waliipenda. Mwenye kitabu hakuipenda. Akaamua kwamba kuanzia hapo hakuna tena kitabu chake kitakachogeuzwa filamu. Mtu aliyelisha waongozaji riwaya kwa miaka yote ile, yeye mwenyewe akafunga mlango.

Unaweza kumwita mnafiki. Mimi naona ni msimamo. Alikuwa anawafundisha vijana wa filamu kusoma, na hakuamini kwamba kila kinachosomeka lazima kitazamwe. Kwake, kama riwaya inaweza kuhamishwa yote ikawa filamu bila kupoteza kitu, basi haikuwa na kitu ambacho riwaya pekee inaweza kusema. Ni ngumu kumeza, ila nimeifikiria sana kila nikitazama filamu iliyotoka kwenye kitabu nikipendacho.

Kivuli cha 1950

Sasa ningeweza kuishia hapa, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Lakini isingekuwa haki.

Oktoba 2008 gazeti moja la Czech lilichapisha karatasi ya polisi ya Machi 1950. Karatasi ilisema mwanafunzi Milan Kundera alikwenda kituoni akatoa taarifa kuhusu kijana mmoja aliyeingia nchini kwa siri, akitumwa na mashirika ya kijasusi ya Magharibi. Kijana yule alikamatwa siku hiyohiyo, akahukumiwa miaka 22, akatumikia karibu 14, mingine kwenye migodi ya urani.

Kundera, ambaye alishaacha kutoa mahojiano tangu miaka ya 1980, alijitokeza kukanusha. Alisema ni uongo. Karatasi yenyewe haikuwa na saini yake. Msomi mmoja wa fasihi alisema aliyetoa taarifa ni mtu mwingine kabisa. Waandishi 11 wa kimataifa wakaandika barua ya kumtetea, wakiwemo washindi wanne wa Nobel, na wawili kati yao wa kwetu kusini: Nadine Gordimer na J. M. Coetzee. Kwa upande mwingine, wapo watafiti walioona karatasi ni halisi.

Haikuthibitishwa mpaka leo. Na mimi sitajifanya jaji. Ila nataka tukumbuke mtu mmoja ambaye kwenye kelele zote zile hakuzungumzwa sana: yule kijana. Awe nani aliyemtaja, miaka 14 ilikwenda, na haikurudi. Tunapozungumzia kufutwa, Kundera alifutwa kwenye maktaba. Yule alifutwa ujana wake. Na hakuwa na mwanafunzi wa kubeba jina lake mpaka Hollywood.

Ukirudi kwenye riwaya ya Utani baada ya kujua hili, inasomeka tofauti. Kijana anapelekwa migodini kwa sababu watu wa kawaida, wenzake, walinyoosha mkono. Hakuna jitu baya hata moja kwenye ile kura. Ni watu wanaoamini wako sahihi. Labda mwandishi alikuwa anajiandikia mwenyewe, labda hapana. Lakini swali lake linatuhusu sisi ambao kila wiki tunanyoosha mkono kumzika mtu mtandaoni kwa skrinishoti moja.

Mwisho wa safari

Forman alifariki Aprili 2018. Kundera alirudishiwa uraia wa Czech mwaka 2019, miaka 40 baada ya kunyang'anywa. Alifariki Paris tarehe 11 Julai 2023, akiwa na miaka 94. Miezi michache kabla, mji wake wa kuzaliwa, Brno, ulifungua maktaba yenye jina lake, imejaa vitabu vyake na nyaraka alizowapa. Mtu aliyeondolewa kwenye rafu za maktaba za nchi yake, sasa ana maktaba nzima.

Mimi ninachoondoka nacho ni hiki. Serikali inaweza kufungia filamu, ikachoma kitabu, ikabandua jina kwenye bango. Ila somo likishaingia kwa mwanafunzi limeshatoka mikononi mwa mwalimu, na mikononi mwa serikali pia. Riwaya moja ya 1782 ilitoka darasani Prague ikaibukia kwenye sinema za Marekani. Hakuna afisa wa mpakani aliyeikagua.

Kwa hiyo kama una ticha wa fasihi aliyekusumbua na vitabu ukamuona mnoko, mtafute. Mpigie simu leo, kabla hatujaanza kuandika RIP.

Na wewe mdau, ticha gani alikupa kitu ambacho hujakitoa kichwani mpaka leo? Na pale kwa Schorm, ungekubali kuazima jina lako? Tiririka hapo chini, nasoma zote.